Ukuta wa stoo: kwa mnaoanza kazi ya leseni za mionzi na nyuklia

Wadogo zangu, karibu nyote mnaingia kazini na swali moja: fomu ya maombi iko wapi? Fomu ipo. Utaijaza kabla chai haijapoa. Viambatisho vyake ndivyo vitakavyokukondesha.

Mimi nilifundishwa na ukuta. Nilikuwa afisa wa usalama wa mionzi kwenye hospitali moja, na chumba chetu cha eksirei kilikuwa na leseni safi, imewekewa fremu na kutundikwa mapokezi. Siku hiyo akaja mkaguzi, mzee mpole, kipima mionzi begani. Leseni hakuitazama. Aliomba mchoro wa jengo, akatoka nje na kuanza kuzunguka chumba kwa miguu. Nyuma ya ukuta wa kusini mchoro ulisema stoo. Akafungua mlango, akamkuta dada wa malipo na kompyuta yake, feni inazunguka, picha ya mtoto mezani.

"Kijana," akaniuliza, "huyu dada anakaa hapa saa ngapi kwa siku?"

Nikasema nane. Nilipoitamka tu, nikaelewa. Unene wa risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, kwenye ukuta ule ulipigiwa hesabu kwa stoo, na stoo huchukuliwa kuwa na mtu kwa sehemu moja ya ishirini ya muda wa kazi. Ofisi huhesabiwa muda wote. Makadirio ya mionzi kwa anayekaa upande ule yakawa mara ishirini ya yale tuliyoyaandika, na kikomo cha mtu asiye mfanyakazi wa mionzi ni milisivati 1 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka. Mashine ilisimama hadi ukuta ulipoongezwa risasi. Aliyehamisha stoo alikuwa mhasibu, alitaka nafasi tu, wala hakukosea kwa upande wake. Mimi ndiye sikumwambia mtu yeyote kwamba chumba kile ni sehemu ya leseni.

Sasa kuzeni jambo hilo hadi kinu cha umeme wa nyuklia. Kanuni ni ileile: mwombaji ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwamba kituo chake ni salama. Mdhibiti, yaani chombo cha serikali kinachotoa leseni, hadaiwi kuthibitisha kwamba ni hatari. Kule Marekani kampuni ya Oklo iliwasilisha maombi ya kinu kidogo Machi 2020. Januari 2022 tume ya udhibiti, NRC, ikayakataa. Haikusema kinu ni kibaya. Ilisema maelezo kuhusu ajali zinazoweza kutokea, na kuhusu mifumo ipi ihesabiwe ya usalama, hayakutosha. Ukiulizwa swali na mdhibiti, jibu swali hilo. Kumtumia kurasa mia za kitu kingine ni kumwambia kwamba jibu huna.

Jingine: usiseme "leseni" kana kwamba ni moja. Kuna ruhusa ya eneo, ya kujenga, ya kuingiza fueli na kujaribu, ya kuendesha, kisha ya kubomoa na kusafisha, na kila moja ina maswali yake. Misri, kwa kinu cha kwanza cha El Dabaa, walipata kibali cha eneo 2019, cha kujenga Juni 2022, na zege la kwanza likamwagwa Julai mwaka huohuo. Kibali cha kujenga hakimpi mtu haki ya kuwasha. Bosi wako atakapotangaza kwamba "tumeshapata leseni", muulize kwa adabu ni ipi.

Eneo lenyewe ndilo linalodharauliwa na wahandisi, nami nalipigia kelele kila mara. Kinu cha Shoreham, Long Island karibu na New York, kilikamilika kujengwa miaka ya 1980 kwa zaidi ya dola bilioni 5. Ila baada ya ajali ya 1979 kwenye kinu cha Three Mile Island, hukohuko Marekani, mipango ya dharura ikawa sharti la leseni. Kaunti ya Suffolk ilipopiga hesabu ya kuhamisha watu kwenye kisiwa kile chembamba, barabara zake zikiwa na foleni hata siku ya kawaida, ikaamua 1983 kwamba haiwezekani. Leseni ya kuendesha kwa nguvu zote ilitoka 1989, wakati tayari kulikuwa na makubaliano ya kukifunga. Hakikufanya biashara ya umeme hata siku moja. Wenzetu wa Uyombo, Kilifi, pwani ya Kenya, walioandamana 2024 kupinga mpango wa kinu, msiwachukulie kama kikwazo cha nje ya faili. Barabara yao, bahari yao na samaki wao wamo ndani ya faili.

Mtasikia pia mjadala kuhusu nani atoe leseni. Marekani ilikuwa na chombo kimoja cha kukuza nyuklia na kuidhibiti, ikakivunja, na NRC ikaanza kazi Januari 1975. Kenya ilitenganisha kwa sheria za 2019: mamlaka moja inadhibiti, wakala mwingine unasukuma mradi. Kwetu Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomu iliyo chini ya sheria ya 2003 ina majukumu yote mawili. Kwa mashine za hospitali na viwanda tumeishi hivyo. Kwa kinu cha umeme, naona hatutakwepa kuzitenganisha kazi hizo.

Haya, Jumatatu. Kabla ya kufungua kompyuta, chukua mchoro ulioambatishwa kwenye leseni ya mahali pako na penseli. Zunguka. Gonga kila mlango unaopakana, uliza nani anakaa humo na kwa muda gani, andika tarehe. Palipo tofauti na mchoro, mwandikie mdhibiti wewe mwenyewe kabla hajaja. Na usisahau ghorofa ya juu. Mimi niliisahau mara ya pili.