Shosho Naye Akapimwe

Kwenye chama chetu cha akina mama huku Umoja, Nairobi, saratani ya matiti ikitajwa macho yote huwageukia wasichana. "Siku hizi inashika watoto," mmoja husema, na wengine huguna kukubaliana naye. Kila mtu ana mfano wake: binti wa kwaya mwenye miaka 28, mwalimu wa 33 aliyeacha watoto wadogo. Mifano hiyo ni ya kweli. Nilipokuwa nikimsindikiza shangazi yangu kliniki, wengi niliokaa nao kwenye benchi walikuwa wadogo kwake, na baadhi wadogo hata kwangu. Lakini nilitoka huko nikiwa na wasiwasi mwingine kabisa. Kwa jinsi tunavyoyazungumza haya, tumewaambia mama zetu na shosho zetu kwamba hayawahusu.

Hesabu zinachanganya kwa sababu kuna maswali mawili, nasi huyajibu kama moja. La kwanza: kati ya wanaougua, wengi wana umri gani? Kwetu Kenya na kwa majirani, wastani huwa kwenye miaka 50 hivi. Marekani, nusu ya wanawake wanaogunduliwa huwa wamefika 62 au zaidi. Ukiishia hapo utasema huku kwetu ni ugonjwa wa vijana na huko kwao ni wa wazee.

Swali la pili ndilo linalokuhusu wewe binafsi: mwanamke wa umri fulani, yeye mwenyewe, ana hatari kiasi gani? Hapa mambo yanageuka. Kwa sensa ya 2019, karibu nusu ya Wakenya walikuwa chini ya miaka 20, na waliotimiza 65 walikuwa kama 4 tu kwa kila 100. Wazee wetu ni wachache. Hata ugonjwa ukiwapata mara nyingi zaidi kuliko vijana, benchi la kliniki bado litajaa watu wa makamo, kwa sababu mitaani hao ni wengi kuliko wazee. Lakini ukichukua wanawake 100,000 wa miaka 30 na wengine 100,000 wa miaka 60, ni kundi la pili litakalotoa wagonjwa wengi zaidi, na kwa mbali.

Wamarekani wameipiga hesabu hiyo kwa undani. Kwao, mwanamke wa miaka 30 ana uwezekano wa kugunduliwa na saratani ya matiti ndani ya miaka kumi ijayo wa takriban 1 kati ya 200. Akiwa na 40, ni 1 kati ya 65. Akiwa na 50, ni 1 kati ya 42. Akifika 60, ni 1 kati ya 28, na akiwa na 70 unapanda tena kidogo. Usizibebe tarakimu hizi kama zilivyo, maana huko hugunduliwa wagonjwa wengi kuliko kwetu: zaidi ya 90 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka, ilhali Kenya ni kama 40, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Wewe tazama tu zinavyopanda. Hazishuki mtu akikoma hedhi, wala akipata wajukuu.

Shangazi alikuwa na miaka 67 alipoona damu kidogo kwenye sidiria, akanyamaza. Nilipokuja kujua, jibu lake lilikuwa tayari: "Mimi nilimaliza kunyonyesha zamani. Titi lenyewe limelala, litaugua nini?" Nimelisikia jibu hilo, kwa maneno tofauti, kwa wazee wengi tangu hapo. Chini yake mara nyingi kuna jambo jingine wasilolisema: aibu. Nani avue blauzi mbele ya daktari wa umri wa mjukuu wake? Kwa hiyo usimtume peke yake. Nenda naye, na mkifika mapokezi omba daktari au muuguzi mwanamke ampime, tena uombe bila kunong'ona. Sisi tulipewa, na hakuna aliyetukasirikia.

Halafu kuna uvumi. Shangazi aliambiwa saluni kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa, akataka kukimbia biopsi. Mara nyingi biopsi ya titi ni sindano inayochukua kinyama kidogo kikapimwe maabara. Haisambazi saratani. Bila hiyo, daktari hawezi kusema ni nini wala ni dawa gani itafaa.

Sasa vijana, maana sitaki mtu aseme nimewaambia walale. Chini ya miaka 40 vivimbe vingi si saratani. Wasichana wengi hupata vile vigumu vinavyoteleza chini ya kidole, ambavyo havina madhara. Lakini saratani inapompata kijana mara nyingi huwa kali na huenda mbio. Ipo aina isiyosikia dawa za kuzuia homoni, na hiyo huwapata zaidi wanawake wachanga na wenye asili ya Afrika. Mwenzangu mmoja wa kazini alipata kivimbe akinyonyesha, akaambiwa kwenye zahanati fulani kwamba ni maziwa yameganda, akande kwa maji moto. Yaweza kuwa maziwa kweli. Kivimbe kikikaa wiki mbili, tatu, hakiyeyuki, usikubali kurudishwa nyumbani na maneno. Omba ultrasaundi, kile kipimo cha mawimbi ya sauti. Titi la kijana limeshikana, na mamogramu, yaani eksirei ya matiti, haioni vizuri ndani yake, kwa hiyo usishangae ukipelekwa kwenye ultrasaundi kwanza. Na kama mama yako au dada yako aliugua akiwa bado kijana, mwambie daktari hilo mapema kabla hata hajakuuliza, kwa sababu ratiba yako si ya kila mtu.

Mwongozo wa taifa wa kupima saratani wa 2018 unashauri mamogramu kila mwaka kuanzia miaka 40 hadi 55, kisha kila miaka miwili mpaka 74. Soma tena hiyo namba ya mwisho. Kwenye kampeni za Oktoba, zile za fulana za waridi, ni nadra kumwona mama wa miaka 70 kwenye foleni, na sidhani kuna aliyemwalika.

Dalili hazibagui umri: kivimbe kwenye titi au kwapani, ngozi inayobonyea au kukakamaa, chuchu inayozama ndani ilhali haikuwa hivyo, damu, kidonda kisichopona. Maumivu si lazima yawepo, na hilo ndilo linalowadanganya wengi. Ukiona mojawapo, nenda hospitali na uandike tarehe uliyoonwa huko mara ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu siku hiyo. Mkiona zinayoyoma na bado mnaambiwa mashine ni mbovu au daktari yuko likizo, omba barua mwende kwingine.

Bei ya mamogramu jijini hutofautiana sana kutoka jengo hadi jengo, basi piga simu sehemu tatu au nne kabla ya kupanda matatu, na uulize kama SHA, bima ya afya ya serikali, itachangia chochote. Siku yenyewe mzee asipake poda wala dawa ya kwapa, kwa sababu huonekana kwenye picha kama vidoa na kumpa daktari kazi ya bure. Avae blauzi na sketi, asivae gauni la kuvua lote. Na kama aliwahi kupigwa picha za titi miaka iliyopita, zitafuteni hata chini ya godoro mwende nazo, daktari ataomba kuzilinganisha.