Maswali ya Wasomaji: Skrini Nyeusi Baada ya Kuweka Draiva

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nina Dell OptiPlex ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha 4, nimeiongezea kadi ya picha ya NVIDIA GT 730 ili nicheze gemu za Steam kwenye Ubuntu 24.04. Nilipakua draiva mpya kabisa kutoka tovuti ya NVIDIA, faili la .run. Tangu nilipowasha upya, skrini ni nyeusi tupu. Kadi imekufa?
Msomaji, Chikongola, Mtwara

JIBU: Kadi ni nzima, ndugu yetu. Kilichokuponza ni lile faili. Draiva mpya za NVIDIA zimeshaacha kuihudumia GT 730, na faili hilo likisakinishwa huifungia nouveau, draiva ya bure inayokuja na Ubuntu. Ya zamani imefungiwa, mpya haiitambui kadi, basi hakuna wa kuchora picha.

Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina lako na neno la siri, kisha andika:

sudo nvidia-uninstall

Fungua folda ya /etc/modprobe.d. Ukikuta nvidia-installer-disable-nouveau.conf, lifute, andika sudo update-initramfs -u, halafu washa upya. Picha itarudi.

Kabla hujaweka draiva nyingine, jua chipu uliyonayo, kwa sababu jina GT 730 lilibandikwa kwenye chipu za aina mbili na wauzaji wengi hawazitofautishi. Andika lspci | grep -i vga. Ikitokea GF108, usipoteze bando: chipu hiyo haina Vulkan (lugha ambayo gemu hutumia kuzungumza na kadi ya picha), na Proton, inayoendesha gemu za Windows ndani ya Steam, huitegemea Vulkan. Irudishe dukani, uulizie GT 1030 yenye memori ya GDDR5. Ile ya DDR4 ni nzito mno ingawa jina ni lilelile. Kama OptiPlex yako ni ile nyembamba, dai kadi yenye bati fupi la kufungia (low profile), la sivyo haitaingia.

Ikitokea GK208, draiva yake ya mwisho ni 470:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install nvidia-driver-470 libnvidia-gl-470:i386
sudo apt install steam-installer vulkan-tools

Hiyo i386, yaani faili za biti 32, watu huiruka, kisha wanashangaa Steam inagoma kufunguka. Ukiombwa neno la siri la Secure Boot (ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka), liweke na ulikumbuke: kompyuta ikiwaka italeta skrini ya bluu, chagua Enroll MOK na uandike neno hilo. Ukiipita skrini hiyo, kerneli, kiini cha Linux, itaikataa draiva. Na umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, usianze upya. Amri ya sudo dpkg --configure -a humalizia palipoishia.

Washa upya, kisha hakikisha kwa vulkaninfo --summary. Kwenye deviceName lazima usome GeForce. Ukisoma llvmpipe peke yake, prosesa ndiyo inayochora na gemu litakwama kila hatua.

Mwisho, bofya gemu kwa kitufe cha kulia, Properties, Compatibility, uchague Proton 7.0-6. Kuanzia Proton 8 inatakiwa Vulkan 1.3, na draiva 470 inaishia 1.2. Gemu za DirectX 12 usizihangaikie kwa kadi hii.

SWALI: Gemu zangu ziko diski ya D niliyokuwa nikitumia na Windows. Steam ya Linux inaziona, lakini nikibonyeza Play inahangaika sekunde chache kisha kimya.
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Diski hiyo ni NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili. Proton hujitengenezea folda ya compatdata yenye viungo vya majina kama "c:", na NTFS huleta matatizo na majina yenye nukta mbili. Tengeneza sehemu ya diski yenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, iongeze kwenye Settings, Storage, kisha uhamishe gemu huko kwa kutumia Steam yenyewe. Kama gemu ni la mtandaoni lenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu, kwa mfano Valorant au Fortnite, kuhamisha hakutasaidia: hayo mawili hayachezeki Linux.