Spika Haijapasuka: Maswali Yenu Kuhusu Albamu

Wiki mbili zilizopita niliuliza hapa swali dogo: sasa hivi unasikiliza albamu gani, nzima, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho? Nilitegemea majina tu. Majina yamekuja, lakini yamekuja pia maswali, malalamiko na kesi moja ya ndoa. Mbukwenyi wote, ndiyo salamu yetu ya Kigogo. Nayajibu kadiri nafasi inavyoruhusu.

Kaka, unatuuliza sisi tu. Wewe mwenyewe unasikiliza nini? (Msomaji, Area C)

Umenibana. Wiki hii nina albamu mbili, nazipiga kwa kufuatanisha kila jioni jua likishazama na vumbi likatulia. Ya kwanza ni "Chibite" ya Hukwe Zawose na Charles Zawose, ya mwaka 1996. Ya pili ni "Maisha" ya The Zawose Queens, ya 2024. Zote zimetolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel kule Uingereza. Hukwe alikuwa Mgogo wetu wa hapahapa Dodoma, akafariki mwishoni mwa 2003. Hao malkia ni Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake. Kwa hiyo jioni yangu moja inakula miaka 28 ya ukoo mmoja.

Raha ya kuzifuatanisha ni kuona nani kakaa mbele. Kwenye "Chibite" ni wanaume, na Hukwe anashuka na sauti ya chini kabisa kisha ghafla anapanda juu kama mtoto. Kwenye "Maisha" wanawake ndio wanaoongoza, jambo ambalo kwa aliyekulia Ugogoni si kioja: ngoma za muheme ni za akina mama, wanazibana mapajani na kuzipiga mpaka wewe mtazamaji ndiye unayechoka.

Nikiwa nasikiliza, mdogo wangu alipita sebuleni akasema, "Spika yako imepasuka." Haijapasuka. Ile "zzz" inayofuata kila noti ni ya ilimba yenyewe, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye sanduku lake la mbao kuna tundu, na tundu hilo hufunikwa kwa utando mweupe wa buibui, ule anaofungia mayai yake. Kidole kikigusa chuma, utando nao unanguruma. Juu ya hapo kuna vyuma ambavyo havipigwi kabisa, vipo ili vitetemeke vyenyewe wenzao wakipigwa. Fundi kahangaika kuutafuta mlio huo, sisi tunataka kwenda kununua spika mpya.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Baada ya kusikiliza nyimbo za Kigogo nilijaribu kuingiza wimbo mmoja kanisani, lakini kinanda na waimbaji wanagombana. Wanakwaya wazee ndio wakaidi zaidi. Wanaimba fyongo? (Mwalimu, Kikuyu)

Marahaba, mwalimu. Wazee wako hawaimbi fyongo. Kinanda ndicho kigeni pale.

Una gitaa hapo kwaya? Chukua ule waya mnene wa juu, E. Uguse kwa wepesi, usiukandamize, katikati ya freti ya 2 na ya 3, karibu zaidi na ya 3, kisha upige karibu na daraja. Itatoka sauti nyembamba ya filimbi. Hiyo ni D, ila hebu ilinganishe na D ya kinanda. Utaona ya waya iko chini, karibu theluthi moja ya nusu toni. Hujakosea kutyuni. Umeligawa wimbi la waya katika sehemu saba, na sauti ya saba ya asili ndipo inapokaa.

Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya ngazi hiyo ya asili, yaani sauti zinazotoka ukiugawa waya sehemu mbili, tatu, nne na kuendelea. Kwa sol-fa, sauti ya 4, 5, 6 na 7 ni do, mi, so na ta (ti iliyoshushwa). Ukiendelea ya 8, 9 na 10 unapata do, re na mi ya juu. Ndiyo maana nyimbo nyingi za kwetu unazikuta zinazunguka kwenye so, ta, do, re, mi, na sauti ya pili inaifuata ya kwanza kwa kuruka hatua moja ya ngazi hiyo. Kinanda kimegawa oktavu katika vipande 12 vilivyo sawa kabisa, ili kiweze kuhama ufunguo wowote bila taabu. Kwa kufanya hivyo, mi yake imepanda kidogo na ta yake imepanda sana. Bibi aliyezaliwa akisikia zeze anaiweka ta pale alipoikuta tangu utotoni. Kijana aliyefundishwa na kinanda anaiweka kwingine. Ugomvi unaousikia ni huo.

Dawa ni rahisi: kwa wimbo huo, zima kinanda. Toa sauti ya kuanzia, bakiza ngoma na kayamba, wape wazee waongoze na vijana wawafuate. Mchungaji akiuliza, mwambie nimesema mimi.

Niko kwenye bajaji kutwa. Nikisikiliza albamu mtandaoni bando linaisha kabla ya saa sita. Nifanyeje? (Dereva, Nkuhungu)

Ingia kwenye mipangilio ya programu yako, shusha ubora. Kwa kilobiti 320 kwa sekunde, saa moja inakula MB 144 hivi. Kwa kilobiti 96 inakula kama MB 43, maana yake GB 1 inakupa zaidi ya saa 20. Kwa spika ya bajaji na honi za barabarani, tofauti huisikii wewe wala abiria. Na kama unasikilizia kwenye video huku simu iko mfukoni, kaka, hiyo ni kumwaga maji jangwani. Bora zaidi, pakua albamu usiku palipo na waifai, mchana uzime data kabisa.

Mume wangu anapiga albamu moja ya Rose Muhando dukani tangu tunafungua hadi tunafunga. Wateja wanaipenda, mimi nimechoka. Nani ana haki? (Mama wa duka, Majengo)

Wateja, mama. Halafu usisahau kwamba Rose, ingawa ni mzaliwa wa Dumila kule Kilosa, alifundisha kwaya hapahapa Dodoma kabla Sony Music hawajamsainisha, kwa hiyo kumzima mjini kwake ni kesi nzito. Mwombe mzee apokezane: asubuhi yake, alasiri yako.

Baba ametuachia boksi la kanda, nyingine alirekodi mwenyewe kutoka redioni. Hatuna redio kaseti inayofanya kazi. Nizipeleke wapi wanihamishie kwenye flashi? (Dada, Mpwapwa)

Pole kwa msiba, dada yangu. Kabla ya kuzipeleka popote, toa kanda moja uitazame mgongoni. Kwenye pembe mbili kuna vijimeno vya plastiki. Kama bado vipo, vivunje leo, kwa kanda zote. Bila vijimeno redio haiwezi kurekodi juu yake hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu. Kama baba alishavivunja, basi alijua anachokilinda.

Kuhusu kuzipeleka: mimi nilizipeleka zangu nne kwenye kibanda kimoja, nikalipa, nikapewa flashi. Nilipoifungua nyumbani, kila baada ya dakika mbili palikuwa na sauti ya mtu akilitaja jina la kibanda chake kwa mwangwi, juu ya gitaa la solo. Kanda moja ilirudi imeliwa, utepe umetoka nje kama matumbo ya kuku. Niliurudisha ndani kwa kalamu ya Bic, taratibu, usiku mzima, na bado sehemu iliyokunjika inayumba hadi leo.

Kwa hiyo fanya mwenyewe. Azima redio kaseti nzuri. Safisha kichwa chake kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa spiriti. Pamba itatoka na rangi ya kahawia, rudia mpaka itoke nyeupe. Jaribu kwanza kanda usiyoijali. Ikiwa sauti inavuta kama mtu mwenye usingizi, mkanda wa ndani wa mashine umelegea, fundi wa redio anabadilisha. Kila kanda ya baba ipeleke mbele hadi mwisho, uirudishe nyuma, ndipo uipige, maana utepe uliokaa miaka unagandana. Toka kwenye tundu la hedifoni, waya wa pini mbili uingie kwenye kompyuta, urekodi kwa Audacity, programu ya bure. Hifadhi kwanza kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. Saa moja itachukua kama MB 600, usiione nyingi. MP3 za kusikiliza utazitoa humo baadaye.

Zile alizorekodi redioni ndizo za kuanza nazo. Zamani bendi zetu nyingi zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania, na nyimbo kadhaa watu walizipata kwa njia hiyohiyo ya baba yako: kukaa na kidole juu ya kitufe, kumsubiri mtangazaji anyamaze. Mtangazaji akisikika amedakia mwanzoni mwa wimbo, usimkate. Na baba akisikika akikohoa nyuma, huyo ndiyo usimguse kabisa.

Sisi wa rika letu tunasikiliza nyimbo mojamoja. Nianze na albamu gani ya Bongo Fleva? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Anza na "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay, ya 2001. Ni ya zamani kuliko wewe, najua. Mle kuna mgombea anayeahidi kila kitu huku umati unaitikia "Ndio mzee", na kwa mtu anayesoma kwenye mji wa Bunge hiyo ni kama kozi ya ziada. Utamu wake umeongezeka baadaye: 2015 Professor mwenyewe akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, akaja kukaa humuhumu Dodoma upande wa pili wa wimbo wake.

Kisha "Only One King" ya Alikiba ya 2021, halafu "The Kid You Know" ya Marioo ya 2022. Hiyo ya Marioo naipenda zaidi usiku. Tatizo langu na albamu nyingi za sasa ni wageni: msanii anaalika nusu ya Afrika, ukimaliza kusikiliza hujui mwenye nyumba ni yupi. Zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. Sikiliza mara tatu kabla ya kutoa hukumu, ya tatu uifanye ukifua nguo.

Nitajie albamu bora ya Mbaraka Mwinshehe. (Mzee, Kongwa)

Shikamoo mzee wangu. Enzi zake kazi zilitoka zaidi kwenye santuri ndogo, wimbo huku na wimbo kule, na mara nyingi wimbo mmoja ulikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, ikabidi uinuke ugeuze. Albamu tunazozijua ni mikusanyo. Tafuta mfululizo wa "Ukumbusho", uliokusanywa baada ya kifo chake kwenye ajali kule Mombasa mwaka 1979. Usiniulize Sikinde au Msondo, zile bendi mbili hasimu za Dar. Nina ndugu pande zote mbili.

Jumamosi napanda treni ya SGR kwenda Dar kwa mara ya kwanza. Nisikilize nini njiani? (Dada, Ipagala)

Hili ndilo swali nililolifurahia kuliko yote. Una kama saa tatu na nusu, yaani albamu nne na nafasi ya kula karanga. Zipakue zote usiku wa kuamkia safari, kwa sababu karibu na Kilosa kuna mahandaki na huko mtandao unakata katikati ya kiitikio.

Treni ikiondoka, weka "Chibite" wakati dirishani bado ni mibuyu na mawe yetu. Baada ya Gulwe hamia kwa wanawake, "Maisha". Mnapoikaribia Morogoro weka "Ukumbusho", hapo ndipo nyumbani kwa Mbaraka na milima ya Uluguru iko kulia kwako. Kuanzia Ngerengere weka "Songs for the Poor Man" ya Remmy Ongala na Super Matimila, ya 1989. Aliyeiimba alizaliwa Kindu, Kongo, na Dar ikampenda hadi ikakiita kituo cha daladala kwa jina lake. Ukifika Pugu vua hedifoni, ziweke ndani kabisa ya mkoba, ufunge zipu. Ukitoka stesheni na mwenyeji wako hajafika, uliza gari la Sinza, umwambie konda akushushe kwa Remmy.