Mwanangu, kuhusu hizo takwimu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa barazani maana ndani feni inanguruma. Wasema mkuu wa shule ataka uwe naibu wake, ukusanye alama za kila darasa kila baada ya wiki mbili, uzibandike ukutani chumba cha walimu. Ukaniuliza: mama, kwani takwimu zina ubaya gani?

Mimi nimefundisha hisabati miaka thelathini na moja, nambari nazipenda. Lakini hebu chukua kalamu. Darasa lina watahiniwa 40, wastani wao 250 kati ya zile 500 za KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Humo mna sita wanaopata kama 130 hivi. Wasajili hao sita kituo kingine cha mtihani, na wastani wa waliobaki utaruka hadi 271. Hakuna mtoto aliyejifunza chochote.

Hesabu ya namna hiyo nimeifanya kwa mkono wangu. Ni miaka ya tisini, shule ikisifiwa au kudharauliwa kwa nafasi yake kwenye orodha, na mkuu niliyekuwa chini yake akaniita ofisini, akafunga mlango, akanisomea majina sita. Nilitia sahihi. Matokeo yalipotoka, mtoto aliyeongoza alibebwa juujuu, tukaimba, wazazi wakaleta halua. Mkuu akapanda cheo. Wale sita walipata ngapi? Hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza.

Mmoja wao alikuwa akitoka ng'ambo ya kivuko, Likoni. Rejista yangu ilijaa alama zake za kuchelewa, nami nikimchapa kwa hizo alama (kiboko kilikuja kupigwa marufuku 2001, nasi tukanung'unika, Mungu atusamehe). Siku moja nilivuka alfajiri kwenda mazikoni, nikamkuta kivukoni na bibi yake, beseni la mahamri mbele yao, sare keshavaa. Alikuwa hawezi kupanda feri mpaka beseni liishe. Rejista haikudanganya hata siku moja: mtoto alichelewa kweli. Mwaka mzima nilikuwa naisoma bila kumuuliza mwenyewe.

Sasa wakuu. Nimefanya kazi chini ya saba, na wengi wao walijua shule zao kupitia karatasi tu. Mmoja nitamkumbuka. Huyo alishika chaki mpaka anastaafu, vipindi vichache kwa wiki, na chaki ilimkaa kwenye suruali. Alama za darasa la sita ziliposhuka hakuitisha mkutano wala kumwandikia mwalimu barua ya kujieleza. Alikuja akaketi dawati la nyuma saa nane mchana, akaona jua lamulika ubao, nusu ya darasa hawasomi kitu. Kesho yake akaja na turubai na misumari. Alama alizitazama, mwanangu, tena sana. Zilimwonyesha mlango wa kubisha.

Utaniambia hayo ni ya zamani, KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, sasa mna mtaala wa umilisi, mtoto apimwa kwa ngazi: kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, chini ya matarajio. Nilifurahi nilipoyasikia maneno hayo. Kisha jirani akanionyesha ripoti ya mwanawe: wamezigeuza ngazi hizo kuwa 4, 3, 2, 1, wakatafuta wastani, wakampanga wa kumi na tisa. Mama wa watu aniuliza mbili nukta sita ni nzuri au mbaya! Nikamwambia amwite mtoto atusomee ukurasa mmoja. Akasoma vizuri, ila maneno marefu ayaruka. Hilo ndilo la kumwambia mwalimu wake.

Cheo kikubali. Ukikataa atapewa yule uliyenisimulia, anayejaza fomu za TPAD, zile za kupima utendaji kazi, za walimu wote jioni moja bila kuingia darasa hata moja. Lakini mwambie mkuu mapema kwamba kipindi chako cha gredi ya saba hukiachi, na kwamba kila jedwali utakalompelekea litakuwa na majina ya watoto, si wastani peke yake. Akikuuliza majina ya nini, utakuwa umeshajua ni mkuu wa aina gani. Na siku akikusomea majina sita, kalamu iwe imekuishia wino.

Jedwali la kwanza niletee Jumapili tulitazame pamoja. Uje na miwani yangu, uliondoka nayo.

Mamako