Barua kwa mwanangu: sikio lako ni zima

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ili mama yako naye asikie. Umeniuliza: "Baba, nimeimba kwaya tangu sijajua kusoma, mbona huku chuoni naonekana sijui muziki? Sikio langu lina kasoro? Na nikirudi nyumbani kufundisha kwaya, hii nadharia itanisaidia nini?" Ukaongeza kwamba kwenye imla ya muziki, ile ya kusikia wimbo ukipigwa na kuuandika, umepata alama 9 kati ya 25, na zoezi lako la sauti nne limerudi na wino mwekundu sehemu sita.

Nianze na huo wino, maana ndio ulionikaa moyoni. Picha uliyotuma niliikuza kwenye simu, nikaiimba mstari kwa mstari. Sehemu zote sita kosa ni lile lile. Sauti ya pili iko do, ya kwanza iko so. Ya pili inapanda re, ya kwanza nayo inapanda la. Zinakwenda pamoja, zimeachana umbali ule ule wa ngazi tano. Mwalimu wako amekusahihisha kwa haki. Somo lile linafundisha uandishi wa akina Bach, watunzi wa makanisa ya Ujerumani ya karne ya 18, na katika nyumba ile kila sauti inatakiwa iwe na njia yake. Mbili zikifuatana hivyo, sikio linazisikia kama sauti moja iliyonenepa, na wimbo wa watu wanne unakuwa wa watu watatu.

Sasa mkumbuke bibi yako. Mavuno yameisha, akina mama wanapiga ngoma ya muheme, yeye anaanzisha na wenzake wanampokea. Hawampokei kwa sauti yake. Wanakaa ngazi nne au tano chini yake, na akipanda wanapanda, akishuka wanashuka. Ndivyo Wagogo tunavyoimba, na ukiisikiliza ilimba, kile kinanda cha vidole gumba, ya marehemu Hukwe Zawose utakuta mapatano hayo hayo. Wewe umeyasikia ukiwa mgongoni kwa bibi, kabla hujaota meno. Mkono wako umeandika kile ambacho sikio limekipenda tangu siku hizo. Umejibu kwa Kigogo mtihani wa Kijerumani, basi. Jifunze Kijerumani chao vizuri, mwanangu, tena ukipende, maana ni kizuri mno. Ila usikubali mtu akuambie, wala usijiambie mwenyewe, kwamba lugha ya bibi ni makosa.

Kuhusu faida yake hapa nyumbani, kuna jambo sijawahi kukusimulia.

Mwalimu aliyenifundisha kwaya alikuwa na nyimbo zake mwenyewe zaidi ya ishirini, na karibu zote aliziweka kichwani. Alikuwa akisimama mbele yetu, anaimbia sauti ya kwanza mpaka waishike, anahamia ya pili, hivyo hivyo mpaka besi. Karatasi hakuna. Alipofariki tulitaka kuuimba wimbo wake mmoja kwenye maziko. Sauti ya kwanza wote waliikumbuka. Ya pili, mama wawili walibishana, mwisho wakapatana. Ya tatu niliijua mimi. Besi haikuwa na mtu. Waliokuwa wakiiimba, mmoja alikuwa ameshatangulia na wengine walishahama. Tukauimba kwa sauti tatu. Nilisimama pale kaburini nikiisikia ile nafasi tupu chini yetu, na mpaka leo naisikia.

Miaka kadhaa baadaye nilihudhuria semina ya walimu wa kwaya, wiki mbili tu, tukafundishwa kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, na namna zinavyofuatana. Nikarudi nyumbani nikautoa ule wimbo. Mwisho wake, kabla ya neno la kumalizia, sauti ya kwanza iko re, ya pili ti, ya tatu fa. Halafu re inashuka do, ti inapanda do, fa inashuka mi. Nikapiga hizo tatu kwenye kinanda, na kwa mara ya kwanza nikajua ninachokitafuta: re, ti na fa zinamdai so chini yao, na baada ya so besi inashuka do. Niliandika "s : d" mkono unatetemeka. Nadharia ilinirudishia mwisho wa wimbo wa mwalimu wangu, mwanangu. Kwa jambo hilo moja nitaishukuru maisha yangu yote.

Lakini sikiliza na lililofuata. Katikati ya wimbo, kwenye neno "machozi", sauti za juu zina mi na do tu. Mimi chini nikaweka do, ikakaa vizuri, hakuna wa kuikosoa. Baadaye akaja mzee mmoja wa besi aliyekuwa amehamia Mpwapwa, akauimba wimbo mzima bila kusita. Mwisho ulikuwa sawasawa na nilivyouandika. Pale kwenye "machozi" yeye akaenda la. La chini ya do na mi! Kodi nzima ikageuka ya huzuni, na neno likapata uzito wake. Vitabu vinaziruhusu zote mbili. Mwalimu alichagua la kwa sababu alijua anaimba nini. Kwa hiyo masomo hayo yatakuonyesha njia zilizopo. Ya kupita utaichagua wewe, kwa sikio na kwa maneno ya wimbo.

Tuje kwenye imla. Nadhani najua unapokwamia. Sisi tumekulea kwenye solfa ya Curwen, ile ya kuandika wimbo kwa herufi za do, re, mi, na wimbo wa huzuni tunauanzia la: la, ti, do. Huko chuoni, umesema, wimbo huo huo wanauanzia do, na ngazi ya tatu iliyoshushwa wanaiita me. Ndiyo maana kichwa chako kinatafsiri wakati mpigaji ameshafika mstari wa pili. Usiitupe la yako. Kila asubuhi chukua wimbo mfupi mmoja, uimbe kwetu mara moja na kwao mara moja, mpaka majina yaache kugombana. Na mwalimu akianza kupiga imla, kalamu iache mezani. Mara ya kwanza sikiliza tu, shika mapigo kwa kidole, itafute do iko wapi. Mara ya pili uimbe kimoyomoyo pamoja naye. Ukishaweza kuuimba umeshaupata, na kuandika ni kazi ya mkono. Noti ya mwisho ya wimbo iandike mapema, halafu besi.

Kuna mambo unayajua na hujui kwamba unayajua. Ile herufi ndogo tunayoiandika kando ya herufi kubwa pale wimbo unapohama ufunguo, so ndogo kando ya do, umeisoma tangu una miaka minane. Huko wanaitengea majuma kadhaa na jina refu. Fe nayo, yaani fa iliyopandishwa nusu, ikija kukuvuta kwenda so, unajua kabisa kwamba safari ya kuhama imeanza. Mwambie mwalimu wako hivyo kwa adabu, muonyeshe na karatasi ya kwaya. Solfa si maandishi ya wasiosoma. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliutunga wimbo wake wa Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 na nyimbo zake aliziandika kwa solfa, na muziki wake ndio tunaousimamia leo tunapoimba Mungu ibariki Afrika.

Ila mistari mitano ya noti ijifunze mpaka uisome kama gazeti, maana solfa ina mipaka yake. Kinanda chenye mikono miwili inayokwenda mbio huwezi kukiweka vizuri kwenye herufi, na mpiga zumari wa huko hawezi kusoma karatasi yako. Nataka mzijue zote mbili, wewe na wale utakaowafundisha.

Ada ya muhula ujao tumeshaipanga na mama yako, usiiwazie.

Pamoja na barua hii nimekutumia picha ya ule wimbo wa mwalimu. Mstari wa besi nimeufunika kwa karatasi, isipokuwa neno "machozi", hapo nimeacha la yake. Andika besi yako, halafu Jumapili nipigie. Huku itakuwa jioni, nitakuwa nimekaa kwenye kinanda. Wewe imba besi, mimi nitaimba ya tatu.

Baba yako