Fyuzi inaungua kila kigari kikikata kona

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi, naishi Ngamiani, Tanga. Nimechomoa mota mbili za waipa kwenye magari mabovu gereji kwa mjomba, nikazifunga kwenye fremu ya chuma, kila mota na tairi yake. Natumia betri ya pikipiki ya volti 12, rilei za gari (swichi zinazowashwa kwa umeme) na rimoti. Kigari kinakwenda mbele na kurudi nyuma vizuri, lakini nikikata kona, tairi moja iende mbele nyingine irudi, fyuzi ya ampea 20 inaungua papo hapo. Wenzangu wanasema niweke fyuzi ya 40. Wengine wanasema nitupe waipa, nifunge mota za vioo vya milango. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Fyuzi ya 40 usiiweke kabisa, nakusihi. Hiyo ya 20 ndiyo inayozuia nyaya zako zisiyeyuke.

Mota nyingi za waipa hazina waya wa hasi. Bodi ya mota, yaani ganda lake la chuma, ndiyo hasi, maana kwenye gari inafungwa kwenye bati lililounganishwa na hasi ya betri. Wewe umezikalisha zote mbili juu ya chuma kimoja, na ili mota igeuze mzunguko, rilei zinabadilishana chanya na hasi. Zikizunguka upande mmoja, bodi zote mbili ni hasi au zote ni chanya, hakuna ugomvi. Ukikata kona, bodi moja inakuwa chanya na ya pili hasi, umeme unapita moja kwa moja kwenye fremu. Hiyo ni shoti kamili.

Tafuta ubao mgumu, hata vipande vya mninga kwa seremala, kila mota ikae kwenye ubao wake. Na hapa wengi wanakosea: bolti ikipenya mota, ubao na fremu kwa pamoja, umerudi kule kule. Mota ifungwe kwenye ubao kwa bolti zake, ubao ufungwe kwenye fremu kwa bolti nyingine, na zisigusane. Angalia na shafti. Kama inapita kwenye beringi iliyoshikwa na fremu, umeme utapita hapo hapo.

Mota za vioo ni rahisi kuunga: kwa kawaida zina nyaya mbili, na bodi haihusiki. Lakini zimeundwa kwa kazi ya sekunde chache tu. Ukiziendesha mfululizo kwenye mchanga zitachemka, na nyingine zina kinga ndani inayokata umeme zikipata joto. Waipa hufanya kazi mvua nzima, na masika ya Tanga unayajua. Mimi ningebaki nazo.

Kati ya nyaya za waipa, tumia ule wa mwendo mdogo, si wa mwendo wa kasi. Kaboni (kipande kinachopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) ya mwendo wa kasi imewekwa pembeni, haifai kuzungushia kinyumenyume.

Ukimaliza, chomoa betri na nyaya za mota kwenye rilei, weka mita kwenye omu na uguse bodi ya mota hii na ile. Isipoonyesha muunganiko wowote, inua tairi juu ya matofali, rudisha nyaya na betri, kisha kata kona.