Kupima selimundu kabla ya ndoa

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna haja ya kupima ilhali wewe na mchumba wako ni wazima, na mgonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, ni dada yake tu. Haja ipo, tena kubwa. Ikiwa wazazi wao wote wawili ni wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja tu ya kinasaba cha selimundu, mchumba wako aliye mzima ana uwezekano wa 2 kwa 3 wa kuwa mbebaji naye, na mbebaji kwa kawaida haonyeshi dalili yoyote. Mkikutwa wabebaji nyote, kila mimba peke yake ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Hakuna zamu, kama wengi wanavyodhani, kwamba mmoja akiugua wanaofuata watasalimika. Ombeni kipimo cha elektroforesisi ya himoglobini, kinachotenganisha aina za himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), kwa kuwa kile cha kuangalia tu iwapo seli zinajikunja hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa, na mwelezeni daktari ikiwa mmoja wenu aliongezewa damu miezi ya karibuni, maana damu ya mchangiaji huvuruga majibu. Majibu mkayapokee pamoja mbele ya mshauri nasaha, ambaye kazi yake ni kuwafafanulia, wala si kuwaamulia kama mtaoana.